Hataza ya daftari isiwatishe wanaushirika

MUUZAJI wa mifumo ya kompyuta akifika kwenye chama cha msingi cha kahawa au korosho siku hizi, hakosi kutaja blokicheni. Akiona viongozi wanasita kwa sababu ya bei, huongeza kwamba mfumo wake una hataza, kwa hiyo hautapatikana kwingine. Kauli hiyo huenda ni kweli, huenda ni nusu kweli. Chama kisichojua tofauti kitalipa, na gharama itakatwa kwenye kila kilo ya mwanachama.

Kwa lugha nyepesi, blokicheni ni daftari la kielektroniki ambalo nakala zake hushikwa na wengi kwa wakati mmoja. Kila ukurasa mpya hubeba alama inayotokana na ukurasa uliotangulia. Anayefuta kilo za jana huvuruga kurasa zote zinazofuata, na wenye nakala nyingine humwona. Kwa mkulima aliyezoea uzito wa mizani kupishana na uzito wa stakabadhi, hilo si jambo dogo, ingawa hakuna daftari linaloweza kunyoosha mizani iliyochezewa.

Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake, kwa kawaida hadi miaka 20. Ili aipate, jambo lake lazima liwe jipya, lisiwe la wazi kwa fundi wa fani hiyo, na lifae kutumika katika uzalishaji.

Hapo ndipo daftari linapokwama. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 na Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 zote haziruhusu hataza kwa mipango, kanuni au njia za kufanya biashara. Kuandika kilo, kukata deni la pembejeo na kulipa kinachobaki ni kazi ya ushirika ya miaka yote. Kuihamishia kwenye kompyuta hakuifanyi kuwa uvumbuzi, na sheria iko sahihi kukataa.

Marekani nako mlango umebanwa. Juni 2014, Mahakama ya Juu iliamua shauri la kampuni ya Alice ya Australia dhidi ya CLS Bank. Alice ilikuwa na hataza za utaratibu wa mtu wa kati anayehakikisha kila upande umetimiza malipo yake. Mahakama ilisema hilo ni wazo la zamani, na kulipitishia kwenye kompyuta ya kawaida hakulibadilishi. Ulaya hukataa programu ya kompyuta ikiwa peke yake, lakini hukubali inayotatua tatizo la kiufundi, kwa mfano njia mpya ya kuharakisha uthibitisho kati ya kompyuta nyingi.

Kwa hiyo hataza za blokicheni zipo, ila ni za kipande fulani cha ufundi. Daftari lenyewe halina mwenyewe. Stuart Haber na Scott Stornetta walipata hataza ya kugonga nyaraka za kielektroniki muhuri wa muda huko Marekani tangu 1992. Aliyejiita Satoshi Nakamoto alitangaza muundo wa bitcoin hadharani mwaka 2008. Anayedai leo kwamba amebuni daftari hilo amechelewa. Hata majaribio ya Walmart na IBM ya kufuatilia maembe, yaliyopunguza muda wa kujua asili ya tunda kutoka karibu siku 7 hadi sekunde 2.2, yalitumia programu ya msingi ambayo iko wazi kwa yeyote.

Hii haina maana kwamba chama kinaweza kunakili programu ya mtu. Hakimiliki inamlinda aliyeiandika. Lakini fundi mwingine anaruhusiwa kuandika yake inayofanya kazi ileile, na hapo bei hushuka.

Vijana wabunifu wasikate tamaa. Aliyetengeneza kifaa kinachopima unyevu wa korosho na kufunga kipimo palepale kisibadilishwe njiani, huenda ana jambo la hataza. Apeleke maombi kabla ya kukionyesha Nane Nane, kwani Ulaya, kilichokwisha kuonekana hadharani si kipya tena.

Hataza pia ina mipaka. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Moshi wala Mtwara. Ya Tanzania Bara hutolewa na BRELA, au hupitia shirika la ARIPO lililoko Harare ikiwa mwombaji ameitaja Tanzania. Kabla ya kusaini, viongozi waombe namba ya hataza, nchi iliyoitoa na sehemu ya mfumo inayolindwa. “Tumeomba” haina uzito wa “tumepewa”. Kisha wafungue ukurasa wa mkataba unaosema kumbukumbu za wakulima zitabaki kwa nani siku mkataba ukivunjika. Muuzaji anaweza kukosa hataza kabisa na bado akaondoka na daftari la kijiji kizima.