Laptopu Ikizima, Sitara Yako Isitoke Nayo



Leo tuache kidogo hina na liwa, tuzungumze laptopu. Mimi nimeolewa huku Buhare, Manispaa ya Musoma, na kuna jambo nimeliona huku ambalo naamini na visiwani lipo vilevile. Laptopu ya mwanamke ikigoma kuwaka, anaibeba nzima nzima kwa fundi, anaandika neno la siri kwenye kikaratasi, anakiacha juu ya meza, kisha anarudi nyumbani kusubiri simu. Mimi nasema hilo tuliache.

Hebu fikiria ndani ya mashine ile mna nini. Mna picha za kesha la wanawake, umefungua nywele, piko mpaka magotini. Mna mama zako wadogo wanacheza, na mashoga zako waliojiachia kwa sababu waliambiwa hapana mwanamume. Siku ile tulitafuta mpiga picha mwanamke, simu tukazizuia mlangoni, mapazia tukayashusha. Tahadhari yote hiyo, halafu miezi mitatu baadaye tunaipeleka diski yenye kila kitu kwenye duka la mtu tusiyemjua!

Na picha zile si zako peke yako. Kila mwanamke aliyekaa mbele ya kamera alikuachia amana, na amana ni jambo tulilosisitiziwa mno. Irejeeni Suratun-Nisaa, aya ya 58. Hata ukisema wewe hujali, wao hawajakupa ruhusa ya kutojali kwa niaba yao.

Atakayeona naongeza chumvi akumbuke yaliyotokea Hong Kong. Mwigizaji Edison Chen alipeleka kompyuta yake kutengenezwa. Picha za faragha zilizokuwemo zikanakiliwa, na mwaka 2008 zikaenea dunia nzima. Fundi alihukumiwa kifungo mwaka 2009. Lakini waliovunjiwa heshima zaidi walikuwa wanawake waliokuwemo kwenye picha, ambao hawakuipeleka wao ile kompyuta dukani. Sisi nasi tuna sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni nzuri, lakini sheria huja baada ya tukio. Picha ikishatoka, hukumu hairudishi.

Habari njema ni kwamba laptopu kufa si mafaili kufa. Mafaili hukaa kwenye diski, na mara nyingi kilichoharibika ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, fanya haya kwa utaratibu.

Kwanza, jaribu chaja nyingine inayolingana nayo. Kisha chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, rudisha chaja na uwashe. Umeme uliobaki ndani huweza kuizuia isiwake.

Pili, ikiwa inanguruma na taa zinawaka ila kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, kilichokufa ni kioo tu. Nakili vitu vyako hapo hapo.

Tatu, ikiwaka lakini Windows haifunguki, tumia kompyuta ya ndugu yako kutengeneza flashi ya Ubuntu, ambayo hupatikana bure. Washa laptopu yako kupitia flashi hiyo. Kitufe cha kuchagua huwa F12, F9 au Esc, kutegemea kampuni. Chagua kujaribu, usichague kusakinisha, maana kusakinisha kunaweza kufuta kila kitu. Utaiona diski yako, na utahamisha mafaili kwenye diski ya nje.

Nne, ikiwa haiwaki kabisa, diski hutolewa. Kwenye laptopu nyingi ni kufungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo. Diski unaitia kwenye kasha lake lenye waya wa USB na kuisoma kwenye kompyuta nyingine kama flashi. Zipo diski za aina mbalimbali, basi nenda nayo mkononi unaponunua kasha. Baadhi ya laptopu nyembamba za kisasa diski imechomelewa kwenye bodi, hiyo haitoki.

Laptopu nyingi mpya za Windows hufunga diski kwa BitLocker, na ukiisomea pengine utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, laptopu ingali nzima.

Mambo mawili usifanye. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, izime, usiijaribu tena na tena. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa. Na ikimwagikiwa chai, chomoa umeme na usiiwashe kuona kama imepona.

Najua kuna atakayesema, "Mafundi wetu ni watu wema, wanatafuta riziki ya halali." Kweli, na wengi ni hivyo. Lakini fundi mwema hapungukiwi kitu ukikaa naye anapofanya kazi, au ukimpelekea mashine uliyokwisha kutoa diski. Kubadilisha kioo au tundu la chaja hakuhitaji neno lako la siri. Na ukiwapo, naye umemkinga na tuhuma. Akikwambia anapiga Windows upya, mwambie asubiri mpaka mafaili yatoke. Wangapi wamerudishiwa laptopu inayowaka vizuri, ndani tupu? Hapa Buhare pana Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Kwa binti aliye mwaka wa mwisho, diski iliyofutwa ni ripoti nzima ya utafiti kuanza upya.

Na mwingine atasema, "Mimi mambo ya mashine siyawezi." Dada yangu, cherehani ikikata uzi unaifungua mwenyewe. Laptopu ina skrubu chache tu, na mikono iliyochora piko haishindwi na bisibisi. Usipoweza wewe, yupo mdogo wako anayeweza. Natamani pia tuwapeleke mabinti zetu wajifunze ufundi huu, tuwe na mafundi wanawake kama tulivyo na wapiga picha wanawake.

Jambo la mwisho. Faili lililofutwa kwenye diski za kawaida hubaki mpaka liandikwe juu yake kitu kingine, na programu za kulirudisha zimejaa. Kwa hiyo usiuze wala usigawe laptopu ya zamani na diski yake. Itoe, iweke kabatini.

Biharusi, kwenye orodha yako ya harusi ongeza diski mbili za nje. Picha zikikabidhiwa, nakili kwenye zote mbili, moja ukae nayo, nyingine ikae kwa mama, zote zikiwa na neno la siri. Bei yake haifiki ya gauni la kesha, na gauni utalivaa usiku mmoja.

Allah atusitiri sote, hapa na kesho akhera. Amin.