JE, MIZANI HUSEMA KWELI?

Leo nimeshika kalamu nizungumzie kitu ambacho wengi wenu mtakiona ni kidogo, nacho ni mizani. Si mizani ya ushairi, mwalimu asije akanitia alama nyekundu, bali ile ya kukanyaga na kusoma kilo.

Swali langu ni hili: mtu anayepunguza uzani, je, chakula alichokula jana au juzi kinaweza kubadilisha kilo anazosoma leo? Wengi husema hapana, mizani haidanganyi, ukiona kilo zimepanda ujue umenenepa. Mimi nasema ndiyo, kinabadilisha tena sana, na mtu asiyejua hivyo anaweza kukata tamaa bure au hata kujidhuru. Sisemi haya kwa kusikia. Niliyaona nyumbani kwetu.

Mama yangu ni muuzaji wa nafaka sokoni. Januari 2025 alienda kliniki kwa sababu ya magoti na presha. Daktari alimpima akapata kilo 94, akamwambia apunguze. Mama hakufanya mchezo. Soda aliacha, chapati zikawa za Jumapili, ugali akapunguza nusu, sukuma wiki na kunde akaongeza. Jioni badala ya kupanda matatu alitembea kutoka sokoni hadi nyumbani. Kila Jumamosi alipita kwa duka moja la dawa karibu na steji kupimwa. Wiki ya kwanza zilitoka kilo tatu! Sote tulipiga makofi. Baadaye zikawa zinatoka polepole, robo kilo, nusu kilo, wiki nyingine hakuna kitu. Jumamosi ya tarehe 19 Aprili alikuwa kilo 88 na nusu.

Kesho yake ilikuwa Pasaka, tukaenda kwa shangazi. Nyinyi mnajua Pasaka. Kulikuwa na pilau, nyama choma, kachumbari iliyokolea chumvi, chapati na soda. Mama alikula kama watu wengine, hata hakurudia sahani mara ya tatu kama mjomba. Jumatatu tukirudi, tuliposhuka steji, alipita kujipima. Kilo 90 na nusu!

Alifika nyumbani kimya. Mwishowe akasema, "Miezi mitatu najinyima, siku moja tu imerudisha kilo mbili. Kumbe najitesa bure."

Jumanne hakutia kitu kinywani ila chai ya rangi, na vidonge vya presha akavimeza hivyo hivyo. Alasiri alishikwa na kizunguzungu akimpimia mteja maharagwe, gorogoro ikamwanguka, naye akaketi chini kando ya magunia. Jirani yake wa kibanda ndiye aliyemshika na kumpa uji. Nilipopata habari nililia. Hapo ndipo nilipojua kwamba namba mbili za mizani zinaweza kumwangusha mtu mzima.

Usiku huo nilikaa naye jikoni. Tulikuwa likizoni, kwa hivyo sikuwa na haraka ya kulala. Nikamuuliza, "Mama, wakulima wakikuletea mahindi yaliyotoka shambani juzi, mbona huyapimi na kuwalipa hapo hapo?"

Akacheka kidogo. "We mtoto, si hayo yana maji? Ukiyanunua hivyo utalipia maji, na yakikauka utabaki na hasara."

"Basi mama, niwie radhi, lakini hata mwili ni kama gunia hilo."

Wasomaji wapenzi, hoja yangu yote imo humo. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hutaka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 ndipo iyanunue. Tufanye hesabu. Gunia la kilo 90 lililokauka hivyo, lilipokuwa na unyevu wa asilimia 20 lilikuwa na zaidi ya kilo 97. Kilo saba zimeenda wapi? Ni maji yamekauka, wala hakuna punje iliyoibwa. Na gunia hilo likinyeshewa usiku, asubuhi litakuwa zito, lakini hakuna mfanyabiashara atakayeshangilia eti mahindi yamezaa gunini. Mbona basi sisi binadamu tukipanda kilo mbili kwa siku moja tunasema ni mafuta?

Hebu tuone kama ni mafuta kweli. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori kama 7,700. Ili mama apate kilo mbili za mafuta ilibidi ale kalori zaidi ya 15,000 juu ya zile anazohitaji kwa siku. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ina kalori kama 7,200. Maana yake ni kwamba, juu ya chakula chake cha kawaida, mama angekula ugali wa pakiti mbili nzima na bado hesabu isingetimia! Hata mjomba hawezi. Sikatai kwamba Pasaka ilimwachia mafuta kidogo, lakini hayo ni ya kuhesabiwa kwa gramu, si kwa kilo.

Sasa hizo kilo mbili zilitoka wapi? Kwanza, chakula chenyewe kina uzito. Soda ya nusu lita ikiingia tumboni, nusu kilo imeingia. Chakula nacho huweza kukaa tumboni na kwenye utumbo siku moja, mbili au hata tatu kabla ya kutoka.

Pili ni chumvi. Katika somo la biolojia, kidato cha pili, tulifunzwa kwamba figo hulinganisha maji na chumvi mwilini. Maji ya dripu anayotiliwa mgonjwa hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kwa sababu ndivyo maji ya mwili yanavyotaka kuwa. Ukila chumvi nyingi utashikwa na kiu, utakunywa, na mwili utayashikilia yale maji mpaka figo zimalize kuitoa chumvi. Lita moja ya maji ni kilo moja.

Tatu ni wanga. Ugali, wali na chapati vikigeuzwa sukari, sehemu huwekwa akiba katika ini na misuli kwa jina la glaikojeni. Akiba hiyo inaweza kufika kama nusu kilo, na kila gramu yake hukaa na gramu kama tatu za maji. Mtu akipunguza wanga, akiba hupungua na maji yake hutoka. Akila pilau na chapati siku moja, akiba hujaa na maji hurudi. Hii ndiyo siri ya zile kilo tatu za wiki ya kwanza. Tulipopiga makofi, sehemu kubwa tulikuwa tunayapigia maji! Kwa hivyo mizani humpotosha mtu anaposhuka kama inavyompotosha anapopanda. Msichana naye akikaribia siku zake za mwezi anaweza kushikilia maji vivyo hivyo.

Mambo haya hayakuanza jana. Alikuwako daktari wa Italia, Santorio Santorio, aliyekaa kwenye kiti kilichoning'inizwa katika mizani akijipima yeye mwenyewe, chakula chake na hata choo chake kwa miaka kama 30. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1614. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichokula na kunywa ilimtoka pole pole kwa ngozi na pumzi bila yeye kuiona. Kama uzani wa Santorio haukutulia mchana na usiku, wa mama utatulia vipi?

Nilimwomba mama tufanye jaribio. Ale chakula chake cha siku zote bila kujinyima, na kila asubuhi akienda sokoni, kabla ya chai, apande mizani ile ile bila viatu. Mimi nikachukua daftari. Jumatano ilisoma 89.8. Alhamisi 89.2. Ijumaa 88.9. Jumamosi 88.4! Mama aliniangalia, akaniambia, "Kumbe yalikuwa mahindi mabichi." Tangu siku hiyo hajaacha kutembea.

Sasa nigeukie sisi wanafunzi, hasa wasichana wenzangu, maana mchezo huu upo hapa shuleni. Kuna wanaoacha githeri ya saa saba siku mbili tatu, halafu jioni wanaenda steji kujipima na kuja kujisifu kwamba wamepoteza kilo moja na nusu. Dada yangu, umepoteza nini? Tumbo ni tupu na maji yametoka. Ukinywa maji na kula chakula cha jioni zitarudi zote kabla ya gwaride la asubuhi. Kilichopotea kabisa ni somo la hesabu la alasiri ulilolisinzia. Umri wetu bado ni wa kukua, na aliye na shida ya uzani ataongozwa na daktari, si na mizani ya steji.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Huyu anawafunza watu visingizio. Mtu atakula chipsi kila siku, akipanda kilo aseme ni maji tu." Nakubali hatari hiyo ipo, na mimi mwenyewe simtetei mtu huyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mizani haisemi uongo. Inapima kila kitu kilichokanyaga, yaani mafuta, misuli, mifupa, maji, githeri na viatu, kisha inatupa namba moja. Sisi ndio tunaosoma vibaya. Ikiwa kilo zimepanda wiki nne mfululizo, hayo si maji ya pilau tena, angalia sahani yako. Na ikiwa zimepanda ghafla pamoja na miguu kufura na pumzi kukatika, nenda hospitali, usingoje.

Basi tufanyeje? Anayetaka kujipima ajipime asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, kwa mizani ile ile na nguo nyepesi zilezile. Aandike. Mwisho wa wiki ajumlishe namba zote agawanye kwa idadi ya siku alizojipima, na hiyo ndiyo ailinganishe na ya wiki iliyopita. Asiyeweza kujipima kila siku ajipime mara moja kwa wiki, lakini asichague siku inayofuata harusi! Halafu asitoe hukumu kabla ya wiki tatu au nne. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo haba na haba hukipunguza.

Kwa kutamatisha, nawaomba walimu wetu wa sayansi walifundishe jambo hili wazi wazi, na nyinyi wasomaji mkalieleze nyumbani. Wako akina mama wengi sokoni wanaojitahidi kama mama yangu. Mmoja wao akija kwako na uso umemshuka kwa sababu ya kilo mbili, usimcheke na usimwambie afunge. Muulize kwanza, "Jana ulikula nini?" Kisha mwambie angoje gunia likauke.

Ni mimi wenu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.