Wimbo wa Saba Nao Ulipwe

Tangu mwanzoni mwa 2024, wimbo ulioko Spotify ambao haukusikilizwa walau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hauingizi mrabaha wowote kwa aliyeurekodi. Haulipwi kidogo, haulipwi kabisa. Kampuni ilitangaza uamuzi huo Novemba 2023, kelele zikapigwa kidogo, kisha watu wakauzoea. Mimi ni shabiki wa bendi huru za roki na pop, zile zinazojirekodia zenyewe au kutolewa na lebo ndogo, na siwezi kuuzoea. Huu ni uamuzi wa dhuluma, na kila albamu mpya ninayoifungua inanikumbusha hivyo.

Watetezi wake wana hoja, na tuzitaje. Spotify inasema nyimbo zilizo chini ya kiwango hicho ni makumi ya mamilioni, na kila mmoja ulikuwa ukiingiza wastani wa senti tatu za dola kwa mwezi. Inasema hela hizo mara nyingi hazimfikii msanii, kwa sababu wasambazaji huweka kiwango cha chini cha kutoa fedha na benki nazo hukata chao. Inaongeza kwamba yenyewe haibaki na chochote: zile dola milioni 40 hivi kwa mwaka zilizokuwa zikisambaa huko chini sasa wanagawiwa wenye nyimbo zilizovuka kiwango. Wengine wanasema hatua hii inawabana wanaopakia sauti za mvua na feni kwa maelfu, pamoja na wanaotumia roboti kujisikiliza. Lakini roboti ziliwekewa adhabu yake na sauti hizo zikawekewa kanuni yake, zote zikatangazwa wakati mmoja na hii. Hapakuwa na sababu ya kumwingiza mwanamuziki kwenye kapu hilo.

Uamuzi wenyewe unaharibikia mahali pamoja: kiwango kinapimwa wimbo mmoja mmoja. Chukua bendi yenye albamu ya nyimbo 12, kila wimbo ukasikilizwa mara 900 kwa mwaka. Jumla ni 10,800. Bendi hiyo haipati kitu. Mwenzao mwenye wimbo mmoja tu, uliosikilizwa mara 1,000, analipwa. Waliosikilizwa zaidi ya mara kumi ya mwenzao ndio wanaotoka mikono mitupu. Spotify haina bei maalumu kwa kila usikilizaji, ila makadirio yanayozungumzwa na wanamuziki wengi ni kama theluthi moja ya senti ya dola. Kwa hesabu hiyo bendi ilistahili dola 30 na ushee. Hizo ni seti kadhaa za nyuzi za gitaa, ni saa kadhaa kwenye chumba cha mazoezi, ni nauli ya kwenda kupiga mji wa jirani. Na msambazaji halipi wimbo kwa wimbo. Hela za nyimbo zote za msanii huingia akaunti moja na kukaa hapo mpaka zitoshe kutolewa. Hoja ya senti tatu inasimama tu ukishaikata albamu vipande vipande na kupima kila kipande peke yake.

Ni sawa na mkulima wa karafuu kule Pemba apeleke magunia 12 kituoni, kila gunia limepelea kidogo, aambiwe hakuna hata moja litakalolipwa, na karafuu zenyewe zisirudishwe.

Fungua albamu ya bendi ndogo kwenye kompyuta, utazame safu ya namba mkabala na majina ya nyimbo. Utakachokiona mara nyingi ni hiki. Wimbo wa kwanza una elfu nne. Wa pili, uliotangulia kutoka peke yake, una elfu sita. Wa tatu umefika elfu moja na mia mbili. Kuanzia wa nne au wa tano namba zinakwisha. Inabaki alama tu ya kuonyesha kwamba haujafika 1,000, wimbo baada ya wimbo mpaka chini. Sisi mashabiki tunajua kilichoko huko chini. Ndiko bendi inakoweka wimbo wa dakika nane usio na kiitikio, ndiko mpiga besi anakopewa zamu ya kuimba, ndiko gitaa linakoachwa likwaruze mpaka linyamaze lenyewe. Nyimbo nilizozipenda kuliko zote maishani nilizikuta huko, wimbo wa saba, wa tisa, wa kumi na moja, baada ya kuisikiliza albamu nzima bila kuruka.

Na namba hizo zinahesabiwa tangu wimbo ulipotoka, ilhali kanuni inatazama miezi 12 tu. Wimbo uliosikilizwa mara 5,000 kwa miaka sita, ukapata 800 mwaka huu, nao umekatwa. Historia ya roki imejaa albamu zilizochelewa kupata masikio. Big Star walitoa #1 Record mwaka 1972, ikauzwa kidogo mno, na ni miaka mingi baadaye ndipo wanamuziki wengine walipoanza kuitaja kama chemchemi yao. Muziki wa namna hiyo huishi kwa wasikilizaji wachache wanaopokezana mwaka hadi mwaka. Kanuni hii inaufuta kwenye daftari kila mwaka.

Athari yake iko kwenye matoleo mapya. Bendi inatoa wimbo mmoja, inasubiri wiki kadhaa, inatoa mwingine, kisha mwingine, na siku albamu inapotoka shabiki ameshasikia karibu nusu yake. Mtindo huo ulikuwepo kabla ya 2024, lakini sasa unalipa zaidi, kwa kuwa kila wimbo hupata nafasi yake ya kuvuka 1,000. Wapo waliothubutu kutoa albamu ndefu hata hivyo. Machi 2024 Patrick Flegel wa Kanada, kwa jina lake la kazi Cindy Lee, alitoa Diamond Jubilee: nyimbo 32, zaidi ya saa mbili, hazikuwekwa Spotify. Ulizisikiliza YouTube kama mkanda mmoja mrefu, au ukazipakua kwenye ukurasa wa kizamani na kuchangia ukipenda. Jarida la muziki la Pitchfork liliipa 9.1 kati ya 10. Novemba mwaka huohuo Phil Elverum, anayejiita Mount Eerie, alitoa Night Palace yenye nyimbo 26. Hawa wana majina tayari. Bendi changa ikithubutu kupeleka nyimbo 32 Spotify, imejitengenezea nafasi 32 za kutolipwa.

Kinachonimalizia subira ni kwamba hela yenyewe inatoka mifukoni mwetu. Ninalipa ada ya mwezi. Nikiutumia mwezi mzima kusikiliza bendi moja isiyojulikana, fungu la usikilizaji wangu linakwenda kwa watu ambao sikuwafungulia hata sekunde moja. Tangu 2021 SoundCloud imewawekea wasanii huru mfumo ambao ada ya msikilizaji inawafuata wale aliowasikiliza, kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Juu ya hapo, Spotify imeweka sharti jingine la idadi ya wasikilizaji tofauti, na idadi hiyo imekataa kuitaja. Mtu ananyimwa malipo kwa kipimo asichoonyeshwa! Wakati huohuo, mwandishi Liz Pelly ameeleza katika kitabu chake Mood Machine cha 2025 jinsi orodha za nyimbo za kutuliza akili zinavyojazwa muziki wa bei nafuu uliotengenezwa kwa majina ya wasanii wa kubuni. Huo unavuka 1,000 bila shida.

Spotify iliingia Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021. Bendi ya roki ya Nairobi au Dar es Salaam haina redio ya kuipigia nyimbo kila siku, na wasikilizaji wake wametawanyika dunia nzima, hamsini hapa, mia kule. Bendi za namna hiyo ndizo zinazoumizwa kwanza. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyotoa mkusanyo wa singeli Sounds of Sisso mwaka 2017 na albamu ya kundi la Duma la Nairobi mwaka 2020, huuza muziki wake Bandcamp. Pale jukwaa hukata asilimia 15 ya albamu ya kupakua, na mnunuzi mmoja akinunua, malipo yapo. Hakuna anayeuliza kwanza kama wamefika elfu moja.

Ikiwa lazima kiwango kiwepo, kipimwe kwa msanii na nyimbo zake zote zijumlishwe. Septemba 2023 Deezer na Universal walitangaza mfumo wao: msanii anayefikisha usikilizaji 1,000 kwa mwezi kutoka kwa watu 500 tofauti anaongezewa uzito kwenye mgawo. Sikubaliani na kumwongezea aliyekwisha kupata, lakini pale aliyepimwa ni msanii, na aliyebaki chini aliendelea kulipwa. Miezi miwili baadaye Spotify, ikiwa na mfano huo mbele yake, iliamua huyo wa chini apate sifuri.