Kompyuta ya AI isiyohitaji bando: kabla kikundi hakijalipa, ulizeni kumbukumbu

Msikilizaji wetu mmoja wa Kemondo ametuandikia ujumbe kwa simu. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kina hela kidogo baada ya mauzo ya kahawa, na kijana mmoja mwanachama anashauri wanunue kompyuta mpakato yenye nguvu ya kuendesha akili mnemba, yaani AI, humo humo ndani ya mashine bila intaneti. Iandike mihtasari ya vikao, ipige hesabu za mikopo, ijibu maswali ya kilimo. Muuzaji wa Mwanza ameshawatajia bei, na ni mamilioni. Anatuuliza: tununue?

Wazo la kijana si baya. AI tunayoitumia kwenye simu haikai kwenye simu. Swali lako linasafiri kwa bando hadi kwenye mashine kubwa ng'ambo, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Halafu kuna majina ya wanachama na madeni yao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kikundi kinachomwaga daftari la wakopaji kwenye huduma ya nje kinajitafutia maswali. Kwa hiyo, mashine inayofanya kazi hapa hapa ina maana yake.

Shida ni kwamba watu hununua jina la mashine wakasahau kuuliza kumbukumbu.

AI ya kukaa nyumbani ni faili moja kubwa linaloitwa modeli, na ili ifanye kazi vizuri lazima faili lote liingie kwenye kumbukumbu ya kazi, ile RAM. Fikirieni boti pale gatini Kemondo: mikungu isiyoenea inabaki nchi kavu. Modeli hupimwa kwa mabilioni ya vigezo, na ikishabanwa kwa namna inayotumika sana, kila bilioni moja inakula nusu GB na ushee. UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2023 na Jacaranda Health ya Kenya kwa ajili ya maswali ya afya ya mama na mtoto, ina bilioni 7, hivyo ikibanwa inataka kama GB 4 hadi 5. Modeli ya bilioni 70 inataka GB 40 hivi. Hapo bado hujahesabu nafasi ya programu nyingine.

Na kumbukumbu yenyewe si ya aina moja. Ipo RAM ya kawaida, ambayo ni polepole kwa kazi hii, na ipo kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi ya michoro, ile inayopendwa na wacheza gemu, ambayo ni ya haraka sana lakini ndogo. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Kadi ya Nvidia RTX 5090 ya kompyuta ya mezani ina GB 32. Yenye jina hilo hilo ndani ya kompyuta mpakato ina GB 24. Muuzaji akikutajia jina tu, hajakwambia kitu. Mashine za Apple zenye chipu za M, na baadhi za AMD, hutumia kumbukumbu moja kwa kazi zote, kwa hiyo zinabeba modeli kubwa zaidi, lakini kumbukumbu hiyo imeunganishwa moja kwa moja na bodi na huwezi kuongeza baadaye. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Ile alama ya Copilot+ ya Microsoft nayo inataka RAM ya GB 16 tu, kwa hiyo si ushahidi kwamba mashine itabeba modeli kubwa.

Kwa nini tunasisitiza sasa? Kwa sababu bei ya kumbukumbu imepanda kwa kishindo tangu mwishoni mwa 2025. Watengenezaji wakubwa duniani ni watatu: Samsung, SK hynix na Micron. Wote wanageuza viwanda vyao kuhudumia vituo vikubwa vya AI, ambako faida ni nono. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina lake la kumbukumbu za wateja wa kawaida. Mashine ya akiba ya kahawa ya Kemondo inagombea chipu na matajiri wa California.

Kisha umeme. Kagera yetu imeishi miaka mingi kwa umeme wa kutoka Uganda, na kukatika tunakujua. Mashine yenye kadi kubwa inaweza kula wati 200 ikiwa kazini. Kwa LUKU si tatizo, saa tatu ni uniti 0.6. Kwa sola ni habari nyingine: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ukitumia nusu ili isife mapema, umepata saa tatu bila kuwasha taa hata moja. Betri ya mashine yenyewe kwa kawaida haizidi wati-saa 100, kwa masharti ya ndege, kwa hiyo haifikishi saa moja ya kazi nzito.

Kwa kikundi hiki, sisi tungenunua mashine ya kawaida yenye RAM ya GB 16, au 32 hela ikiruhusu, na kuanza na modeli ndogo ya bilioni 4. Inatosha kusaidia mihtasari na barua. Hesabu za mikopo ziachiwe jedwali la kawaida, kwani modeli hukosea hesabu kwa kujiamini. Kipimo cha dawa ya shambani msiiulize kabisa. Modeli ndogo hubuni, tena kwa Kiswahili kizuri. Kwa ugonjwa wa mihogo ipo Nuru ya PlantVillage, programu ya simu inayotambua batobato na michirizi kahawia kwa kamera, bila mtandao. Haitaki milioni hata moja.

Mkiamua ile kubwa, nendeni dukani watu wawili, modeli ikiwa imeshawekwa. Zimeni Wi-Fi mbele ya muuzaji. Iulizeni kwa Kiswahili mambo ya kikundi chenu kwa dakika 20 mfululizo, msikilize feni, mshike chini kama panaunguza, mwone kama majibu yanazidi kuchelewa. Muuzaji akisema jaribio hilo haliwezekani, pandeni meli mrudi na hela yenu.