Kodiani Iliyogoma Kunyamaza



Wapo watakaouliza katibu wa kamati ya msikiti ana shughuli gani na kodiani. Hukumu ya ala za muziki tunawaachia masheikh katika darsa zao. Leo tunazungumzia mali iliyonunuliwa, mtoto aliyetuhumiwa, na njia iliyotufikisha kwenye ukweli.

Mjomba wetu ni mtu wa Unguja, na tangu ujana wake amekuwa mpigaji kodiani katika taarab. Masika haya alivuka kuja Dar es Salaam, akanunua kodiani iliyokwishatumika katika duka moja la Kariakoo. Alikubaliana na muuzaji kwamba ana siku tatu za kuijaribu. Dukani, mchana wa jua kali, iliitika vyema. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi alipoivuta mivukuto, sauti moja ikalia pasi na kuguswa, na haikunyamaza mpaka mivukuto ilipotulia.

Jioni iliyotangulia, mpwa wetu wa miaka tisa alionekana karibu na sanduku la kodiani. Hatukungoja. Tulimkemea mbele ya watu wazima, naye akalia akisema, "Babu, wallahi sikuigusa." Mjomba akainua mkono. "Ngojeni kwanza," akasema. "Chombo nacho kina ushahidi wake. Tukisikilize."

Neno lile lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Ikiwa mtoto ndiye aliyeharibu, mjomba asingekuwa na haki ya kumrudia muuzaji. Ikiwa kasoro ilikuwamo kabla ya mauzo, sheria yetu inampa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa. Kwa hiyo kuijua sababu halikuwa jambo la ufundi peke yake. Lilikuwa jambo la haki za watu watatu.

Kodiani ni chombo cha pumzi. Cyrill Demian aliisajili kwa jina hilo mjini Vienna mwaka 1829, na asili ya kazi yake haijabadilika. Mivukuto husukuma hewa kwenye vilimi vyembamba vya chuma, vikatetema na kutoa sauti. Kila kibonyezo kina mkono wenye kifuniko kilichovishwa sufu na ngozi, kinachoziba tundu la hewa. Ukibonyeza, kifuniko huinuka na hewa hupita. Ukiachia, springi hukirudisha mahali pake.

Mjomba alianza na swali la kwanza: je, kibonyezo kimekwama, au kimerudi na sauti bado inalia? Alikiinamia kinanda mpaka jicho likawa sawa na safu ya vibonyezo. Kimoja kilikuwa chini kidogo ya wenzake. Akakiinua kwa ncha ya kidole, sauti ikakatika. Lau kibonyezo kingekuwa sawa na wenzake na sauti ikaendelea, tungeshuku kifuniko: huenda kimepinda, ngozi imebanduka, au taka imeingia chini yake. Na lau kibonyezo kingeshuka na kupanda vizuri lakini sauti ikawa bubu, au ikatoka wakati wa kuvuta tu na si wakati wa kusukuma, tungeshuku vilimi, kwa kuwa kila upande wa mwendo una kilimi chake.

Swali la pili: kinakwamishwa na nini? Alipitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya kibonyezo hicho na jirani zake wa pande zote mbili. Kikapita bila kuzuiwa. Basi mbao hazikuwa zikisuguana, ingawa unyevu wa pwani huweza kuzivimbisha. Akafungua skrubu za kifuniko cha mbele kwa bisibisi ndogo, akizipanga juu ya kitambaa cheupe zisipotee, kisha akamulika kwa tochi. Springi ilikuwa nzima na mahali pake. Lakini kwenye chuma kirefu ambacho vibonyezo vimetungwa juu yake, palionekana utando wa kahawia, mzito kama asali iliyoganda, umechanganyika na vumbi la miaka.

Hapo mjomba akacheka kidogo. Mtu wa zamani aliwahi kutia mafuta ili kulainisha. Mafuta yalikusanya vumbi, yakageuka gundi. Joto la mchana liliilegeza. Baridi ya usiku wa mvua ikaikaza. Utando wa namna ile hauwi kazi ya jioni moja, wala si kazi ya mikono ya mtoto.

Tulimwita mpwa wetu, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia tukimkemea. Suratul Hujurat inatufunza kuihakiki habari kabla ya kumdhuru mtu kwa kutojua, nasi tuliisoma chuoni tukaisahau sebuleni.

Siku iliyofuata mjomba alirudi dukani akiwa na tochi yake. Muuzaji alitazama, akakiri kwamba hakuwahi kuifungua, akapunguza bei kwa kiasi cha gharama ya fundi. Fundi alichomoa chuma kile, akakisafisha pamoja na matundu ya vibonyezo, akavirudisha vikiwa vikavu, bila tone la mafuta.

Kwa familia yenye chombo kama hiki, tunausia machache. Msitie mafuta, wala msikilazimishe kibonyezo kwa nguvu. Msivute wala kusukuma mivukuto bila kubonyeza kibonyezo chochote au kitufe cha kutolea hewa. Msikiache ndani ya gari juani, kwa kuwa vilimi vingi hushikizwa kwa nta, nayo hulegea kwa joto. Na mnunuzi wa kilichotumika ajaribu kila kibonyezo, kimoja kimoja, akivuta na akisukuma, na aombe muda wa kukilaza nacho nyumbani.

Kodiani imekwishavuka bahari kwenda Unguja. Kabla haijafungwa sandukuni, mjomba alimpa mpwa wetu nafasi ya kukibonyeza kile kibonyezo. Kililia, kikaachiwa, kikanyamaza.

Wabillahi tawfiq.