Tabia njema hujengwa kwa mazoezi

Mawaidha peke yake hayatoshi. Tabia njema huja kwa kuizoeza nafsi. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza hilo katika Ihya Ulumuddin: bakhili ajilazimishe kutoa na mwenye kiburi ajilazimishe kunyenyekea, mpaka wema uwe maumbile yake.

Tuanze na ulimi. Suratul Hujurat, aya ya 11 na 12, inakataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kuchunguzana na kusengenyana. Yote hayo tunayafanya kwenye makundi ya WhatsApp, wengine tukiwa ndio kwanza tumetoka kuswali.

Kisha tutazame majumbani. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10, na alisimulia kuwa hakuwahi kuguniwa hata mara moja. Je, dada wa kazi nyumbani kwetu anaweza kutushuhudia hivyo?

Wazazi na walimu wa madrasa, tusiwapime watoto kwa juzuu walizohifadhi tu. Tuwapime pia kwa ukweli, uaminifu na adabu zao, na sisi tuwe wa kwanza kuwaonyesha.