Hamu Haifundishi Lugha

Imeenea miongoni mwa watu wazima wa Nairobi, hasa wale watokao maofisini jioni wakaenda darasani kabla ya kupanda matatu za Kangemi na Kawangware, itikadi moja ambayo mimi naiona batili na yenye madhara: kwamba ajifunzaye Kihispania hudumu kwa nguvu ya hamu, na kwamba hamu ikimtoka, basi hiyo ni ishara kuwa hakujaaliwa lugha, wala hana lawama akiacha.

Hamu ya mwanzo ni rahisi kuipata. Kihispania humkirimu mgeni wake Mswahili kwa vokali tano kama zetu, kwa kitenzi kibebacho mtenda ndani yake, na kwa jinsi mbili tu za majina, jambo dogo kwa aliyelelewa na ngeli. Aliyevutwa na tamthilia za Mexico au na kandanda la Madrid na Barcelona, au anayetamani kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya lugha zake 6 rasmi, hudhani mwaka hautakwisha naye hajaisema. Kisha huja vitenzi viwili vya kuwa, kila kimoja na mahali pake, na nyakati zilizopita zisizokubali kubadilishana. Hapo hamu hufifia kwa wote, mwenye kipaji na asiye nacho.

Tufanye hesabu. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria takriban saa 600 hadi 750 za darasani kwa msemaji wa Kiingereza ili aimudu lugha hii. Kwa saa 6 kila juma, hiyo ni karibu miaka miwili au zaidi. Ni hamu gani ya binadamu, mwenye kodi ya nyumba na watoto wa shule, idumuyo miaka miwili pasipo kukatika? Kumwambia mtu huyo aitunze hamu yake ni kumtwika amana asiyoweza kuihifadhi, kisha kumhukumu kwa kuipoteza.

Na tutazame ushahidi wa pwani yetu wenyewe. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, mtu mzima wa miaka 34, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe amedhoofishwa na homa. Sidhani yuko awezaye kusema kwamba siku zile alikaa kitako na maneno ya Kiswahili kwa raha ya nafsi. Lakini alikaa, na mwaka 1850 akatoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Kilichomshika ni azma, na azma huamuliwa mara moja ikatimizwa kila siku, hali hamu huja na kuondoka ipendavyo. Vivyo hivyo, muadhini wa Msikiti wa Jamia, katikati ya mji wa Nairobi, hawaulizi waumini kama wana hamu. Wakati umeingia, na nia ndiyo iwainuayo.

Watanijibu kwamba kisichopendwa hakiingii moyoni. Mapenzi siyakatai, nakataa kuyatanguliza. Wako wachuuzi katika soko la Kangemi waliotoka magharibi mwa nchi wakiwa watu wazima, bila neno la Kikuyu, na leo wanapatana bei kwa lugha hiyo kwa ufasaha. Hawakungoja kuipenda, bali wateja walikuja kila asubuhi, na kupenda kukafuata kueleweka. Hivyo ndivyo shauku ya kweli izaliwavyo: ni tunda la kazi, wala si mbegu yake.

Kwa hiyo nawasihi waalimu waache kuwapima watu wazima kwa uchangamfu, wawape badala yake saa isiyohama, sehemu ndogo isiyorukwa, na mwenzi atakayewauliza walikuwa wapi wasipofika. Nawe uliyeacha, ukajiona huna kipaji kwa sababu moyo ulikuwa mzito, fahamu kwamba ulidanganywa: moyo mzito haujamzuia yeyote kujifunza kitenzi kimoja. Rudi darasani juma hili, ukiwa na uzito huo huo, na usimwombe mtu radhi kwa kutofurahi.